Atazoea

Mdogo wangu wa kike alinipigia simu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa amekwisha kulala. Mwanawe wa kwanza ana miaka tisa, anamaliza Darasa la Nne mwaka huu, na amepata nafasi ya kuanza la Tano kwenye shule ya bweni ya kanisa huko milimani. Ni mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Dar es Salaam, kisha karibu saa nzima kwa bodaboda kutoka stendi. Shule inafaulisha, ada inabebeka, watoto wanalelewa kwa sala. Ameuliza wenzake kazini, amemuuliza mama mkwe, amemuuliza na mchungaji wake.

"Kaka, kila ninayemuuliza ananijibu neno moja tu: atazoea. Sasa nataka kukusikia wewe, maana wewe ulikwenda."

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe muda, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafikiri katika muda huo. Nayaandika hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake anayepiga hesabu hii kila ifikapo Oktoba, fomu za kujiunga zinapoanza kuzunguka.

Neno hilo nalifahamu. Nilipelekwa bweni nikiwa na miaka minane, Darasa la Tatu, kwenye shule ya misheni katika nyanda za juu kusini. Tulishuka kwenye basi njia panda, tukapakiwa nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya mahindi, na sanduku langu la bati likawa linagongana na magoti yangu hadi tulipofika. Matroni alihesabu vitu vyangu kimoja kimoja: shuka mbili, blanketi, ndoo, kandambili, sabuni za mche, sahani na kikombe. Alipomaliza alimgeukia mama akamwambia aende na asigeuke nyuma. "Mama nenda tu. Siku mbili tatu atalia. Atazoea." Mama hakugeuka. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alilia mpaka Makambako.

Matroni alisema kweli. Wiki ya kwanza nililia kila jioni taa zilipozimwa, wiki ya pili nikawa nalia nikiwa nimejifunika blanketi, wiki ya tatu nikanyamaza. Mama alipokuja siku ya kutembelewa nilimwonyesha bustani ya kabichi na nikamwimbia wimbo wa kwaya. Aliondoka akiwa na amani. Walimu walimpongeza kwa kuzaa mtoto jasiri.

Ninachotaka kukijadili ni hicho kilichotokea kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, kwa sababu nadhani tumekipa jina lisilo lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtafiti mmoja Mwingereza, James Robertson, alianza kukaa kwenye wodi za watoto jijini London na kuwatazama waliolazwa. Wakati huo hospitali za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuona watoto wao kwa saa chache sana kwa wiki, na mahali pengine hawakuruhusiwa kabisa, kwa hoja kwamba mama akija mtoto huanza kulia upya. Robertson aliona jambo likijirudia. Kwanza mtoto hulia na kumwita mama. Kisha hunyong'onyea, hula kidogo, hukaa kimya. Mwishowe huchangamka, hucheza na wauguzi, hupokea pipi kutoka kwa yeyote, na wauguzi husema ametulia. Lakini mama anapokuja, mtoto huyo aliyetulia humtazama kama mtu wa kupita. Robertson, na mwenzake daktari John Bowlby, walisema hatua hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu kwa nje inafanana na kupona. Mabishano yalikuwa makubwa, maana wauguzi na madaktari walikuwa watu wema waliofanya kazi yao kwa moyo. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya huko ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

Watoto wa Robertson walikuwa wadogo kuliko wa shule, wengi wa miaka miwili mitatu, na bweni si wodi. Mtoto wa miaka minane anaelewa maneno "nitakuja Pasaka." Sidai kwamba yaliyowapata wale ndiyo yatakayompata kila mtoto wa bwenini. Ninachokichukua kwake ni kimoja: mtoto kunyamaza hakutuambii kwamba yu salama. Kunatuambia tu kwamba ameacha kuita. Huenda ameacha kwa sababu ameridhika, au kwa sababu ameona haitikiwi. Mtu mzima aliyesimama mlangoni hawezi kutofautisha hayo mawili kwa macho.

Angeweza kutofautisha kwa kumsikiliza mtoto. Na hapo ndipo nakumbuka barua.

Kila Jumapili baada ya ibada tuliingia darasani kuandika barua nyumbani. Mwalimu wa zamu aliandika ubaoni mfano wa kufuata, na kila Mswahili aliyepita shule anaujua kwa moyo. Wapendwa wazazi wangu, salamu nyingi sana. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Tulinakili, tukajaza jina na tarehe, tukaomba sabuni na peni, tukamalizia kwa kusema wasalimieni wote. Barua ilikabidhiwa ikiwa wazi ili mwalimu asahihishe herufi.

Mama alizitunza. Mwaka jana alinitolea bahasha ya kaki yenye barua zangu za miaka mitano, tukazisoma pamoja barazani. Mimi ni mzima wa afya. Mimi ni mzima wa afya. Moja niliiandika wiki niliyougua surua nikiwa na wenzangu sita kwenye chumba cha wagonjwa. Nyingine niliiandika baada ya kiranja mmoja wa Darasa la Saba kunilazimisha kwa mwezi mzima kumpa nusu ya ugali wangu, nami nikilala na njaa. Nyingine ni ya muhula ule nilioanza tena kukojoa kitandani, nikiwa na miaka tisa, jambo lililokuwa limekwisha tangu nikiwa na mitatu. Hakuna hata barua moja inayolisema lolote kati ya hayo. Mama aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini sikumwambia. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba ubaoni hapakuwa na sentensi hiyo.

Sisemi shule ile ilikuwa na nia mbaya. Mfano ule wa barua tuliurithi kutoka kwa watu waliojali adabu, na adabu yetu inataka mtu aondoe hofu ya mwenzake kwanza kabla ya kueleza yake. Kwa mtu mzima hiyo ni staha. Kwa mtoto wa miaka minane aliye mbali na kwao ni mlango uliofungwa, tena aliyeufunga anampenda.

Kuna mahali jambo hili lilichunguzwa hadi mwisho, na ninawaomba viongozi wa makanisa yetu walisome kwa makini kwa kuwa lilitokea Afrika, ndani ya shule ya Kikristo iliyokuwa milimani mbali na macho ya watu. Mamou ni mji wa Guinea, katika nyanda za Fouta Djallon. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1971 kanisa moja la Marekani, Christian and Missionary Alliance, liliendesha pale shule ya bweni kwa ajili ya watoto wa wamisionari wake waliotawanyika Afrika Magharibi. Watoto walianza wakiwa na miaka sita hivi na kukaa miezi mingi bila kuwaona wazazi. Wazazi walikuwa huko vijijini wakihubiri, wakitibu, wakitafsiri Maandiko, wakiamini kwamba watoto wao wako mikononi mwa Mungu na kwa watumishi wenzao.

Watoto hao walipokuwa watu wazima, baadhi yao walianza kusema. Kanisa lilichukua miaka kuwasikia. Mwaka 1996 liliunda tume huru, na ripoti yake ilipotolewa mwaka 1998 ilithibitisha kwamba watoto walipigwa kupita kiasi, walidhalilishwa, na baadhi yao walinajisiwa na watu waliopewa kazi ya kuwalea. Kanisa liliomba radhi. Kwangu mimi, jambo zito zaidi katika habari hiyo linahusu ukimya. Barua za watoto zilipitia mikononi mwa watu wa shule. Na watoto walielewa kwamba wakilalamika, wazazi wao wataacha kazi ya Mungu na kurudi nyumbani, na kwamba roho za watu zitakazopotea zitakuwa juu yao. Fikiria mtoto wa miaka saba anabebeshwa mzigo huo. Hakuhitaji kutishwa kwa fimbo ili anyamaze. Imani yake mwenyewe ilitosha kumnyamazisha.

Hilo ndilo jambo la pekee kwa shule za kanisa, na lazima tuliseme sisi tulio wa kanisa. Shule yoyote ya bweni inaweza kuwa na matroni mkali, chakula kibaya au kiranja mwonevu. Ila shule inayofundisha kwamba kunung'unika ni dhambi, kwamba mtoto mwema humshukuru Mungu kwa kila jambo, kwamba wazazi wamejinyima ili yeye awe pale, inaweza bila kukusudia kumpa mtoto sababu takatifu ya kutosema anachofanyiwa. Kadiri mtoto anavyoamini kwa dhati ndivyo anavyonyamaza zaidi. Mzazi Mkristo anachagua shule ile kwa sababu ya imani yake, na ni haki yake. Basi aulize imani hiyo inamfundisha mtoto kusema nini anapoumia.

Nimesikia mahubiri zaidi ya mara moja yakimtumia Samweli kuwatia moyo wazazi wanaopeleka watoto bweni. Hana alimpeleka mwanawe Shilo akiwa bado mdogo, akamwacha kwa kuhani Eli, na mtoto akawa nabii. Nakubali habari hiyo isomwe, ila isomwe yote. Nyumba ya Eli haikuwa mahali salama. Wanawe mwenyewe walikuwa waovu na baba alijua asiwazuie. Hana alikuwa akimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, yaani mama alikuwa akikata kitambaa kwa kukisia urefu wa mtoto asiyemwona. Sijui mstari katika Biblia unaonisimamisha kuliko huo. Kisha ule usiku maarufu: mtoto anasikia sauti gizani, anaamka, anakimbia kwa mzee. Mzee anamwambia hakumwita, akalale. Anarudi mara ya pili, na mara ya tatu. Eli alikuwa na makosa mengi, lakini hakumfukuza mtoto kwa kumwamsha mara tatu usiku, na mara ya tatu alikaa akafikiri ni nini kinachompata. Bweni la watoto wadogo linahitaji angalau mtu huyo. Na asubuhi yake, Maandiko yanasema, Samweli aliogopa kumweleza Eli aliyoyasikia, hadi mzee alipomwita na kumsihi asimfiche. Hata nabii alihitaji kuulizwa.

Swali la pili ninalojiuliza ni tumelipata wapi wazo kwamba mtoto mdogo aliye na wazazi wazima alelewe mbali nao na watu wa dini. Ukifuatilia historia ya pwani yetu, mabweni ya kwanza ya misheni yalikuwa ya watoto waliokwisha kunyang'anywa kwao. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, na hapo ndipo ilipochipuka shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani. Mmoja wa hao watano, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walianza kukusanya watoto waliokombolewa mwaka 1868. Mombasa, Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa kazi hiyohiyo. Watoto wale hawakuwa na mama wa kuwapungia mkono. Bweni lilikuwa ndiyo nyumba pekee waliyobaki nayo.

Kisha yakaja mabweni ya watoto wa wamisionari wenyewe, kama Kijabe nchini Kenya, shule iliyoanza mwaka 1906 na ambayo Theodore Roosevelt aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1909. Hao walikuwa na wazazi, ila wazazi waliishi mahali pasipo na shule ya lugha yao kwa mamia ya maili. Baadaye bweni likawa njia ya mtoto wa kijijini kufika darasa la juu. Watu hunitajia Mwalimu Nyerere: naye alitoka Butiama akaenda kulala shuleni Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kweli, lakini alikuwa na miaka kama 12, na shule nyingine ya kumfaa haikuwapo karibu. Kila hatua ya historia hii ina upungufu unaoeleweka: hakuna wazazi, hakuna shule, hakuna barabara. Shule za mchepuo wa Kiingereza zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1990, tuliuchukua mpango uliotengenezwa kwa ajili ya mtoto asiye na kwao, tukaufanya alama ya malezi bora kwa mtoto mwenye kwao.

Zipo bado shule ambazo upungufu huo ni wa kweli, na sitaki mtu asome makala haya akadhani nazipinga. Buigiri, Dodoma, Waanglikana walifungua shule ya wasioona mwaka 1950. Irente, juu ya Lushoto, Walutheri walifungua ya kwao mwaka 1963, na mwaka huohuo Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora. Mtoto kiziwi aliyezaliwa kijiji kisicho na mtu hata mmoja anayejua lugha ya alama anafika pale na, kwa mara ya kwanza maishani, anakuta watu wanaomsikia kwa mikono. Kwake yeye bwenini ndiko anakopata kusema. Kajiado, Kenya, shule ya msingi ya wasichana ya kanisa la AIC (Africa Inland Church) iliyoanza mwaka 1959 iligeuka kimbilio, chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, kwa wasichana wa Kimaasai waliokuwa wakikimbia kuozwa na kukeketwa. Ukimwambia msichana wa namna hiyo kwamba mahali pa mtoto ni nyumbani, unamrudisha kwenye hatari aliyoikimbia.

Serikali zetu zimejaribu kuchora mstari. Novemba 2022 Katibu wa Elimu ya Msingi wa Kenya, Belio Kipsang, alitangaza kwamba bweni litaondolewa hadi Gredi ya 9, kisha serikali ikalegeza baada ya mjadala mkubwa, hasa kwa ajili ya kaunti kame ambako shule ziko mbali. Tanzania, mwaka 2023, waraka wa Kamishna wa Elimu ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba watoto wananyimwa nafasi ya kujenga uhusiano na familia na jamii zao. Naliunga mkono agizo hilo kwa moyo wote. Lakini mpwa wangu ana miaka tisa na anavuka mstari huo Januari. Waraka unamruhusu, hauwezi kumjibia mama yake.

Sitaandika mengi kuhusu moto, maana kila mzazi anaujua. Watoto kumi katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020. Wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Ukienda kutazama bweni, tazama madirisha kwanza. Kama yana nondo na mlango ni mmoja, rudi na mtoto wako siku hiyohiyo, hata kama ada umekwisha kulipa.

Najua pia kwamba mdogo wangu hapeleki mtoto kwa ufahari. Anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, foleni ikiwa na huruma. Mumewe yuko mgodini, anarudi kila baada ya wiki sita. Nyumbani mtoto anabaki na dada wa kazi wa miaka 17 ambaye naye ni mtoto, na televisheni, na majirani ambao siku hizi hatuwajui. Basi la shule linamchukua mtoto gizani na kumrudisha amelala. Mtu akimwambia mama wa namna hiyo kwamba anamtelekeza mwanawe, amemwonea. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, nao waliisema wakati kazi hiyo iligawanywa kwa bibi, shangazi na nyumba nzima. Mdogo wangu ameachiwa peke yake. Bweni linajibu swali lake la kweli: ni nani atakuwa na mtoto saa kumi jioni?

Kwa hiyo jibu langu kwake lina sehemu mbili. La kwanza ni kwamba kama kuna namna yoyote ya mtoto kulala nyumbani kwa miaka mingine mitatu minne, hata kwa shule isiyosifika sana, hata kwa mama yetu kuhamia Mbagala jambo ambalo amekwisha kusema yuko tayari kulifanya, basi nachagua hiyo. Alama za Darasa la Saba zitasahaulika. Miaka kati ya tisa na 13 ndiyo miaka ambayo mtoto bado anakuja mwenyewe kukusimulia, ukiwa unamenya viazi, bila kuulizwa.

La pili ni kama haiwezekani. Hapo inabidi kujua shule ile ikoje usiku, maana mchana shule zote zinafanana. Ninakumbuka matroni wetu wa pili, aliyekuja nikiwa Darasa la Nne, mjane mmoja mnene wa Kikinga tuliyekuwa tukimwita Bibi. Alilala chumba cha mwisho cha bweni letu na mlango wake hakuufunga. Kila siku saa kumi alfajiri, kabla ya kengele, alipita na taa ya chemli, akawagusa begani tuliokuwa tukikojoa kitandani, akatubadilishia shuka kimya kimya, na magodoro akayaegesha nyuma ya jiko mahali ambapo moshi uliyakausha na wenzetu hawakupita. Hakuna aliyejua ni nani na nani. Kabla yake, magodoro yalianikwa mbele ya paredi. Muhula ule ule niliacha kukojoa. Na yeye ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemweleza habari ya kiranja na ugali. Aliniuliza tu, tukiwa tunachambua maharage, kwa nini nimekonda.

Hakuwa na cheti cha ulezi. Shule haikumtaja kwenye mahafali hata mara moja. Ukiniuliza elimu ya bweni ni nini, nitakuambia ni yeye. Na shule ileile, majengo yaleyale, sala zilezile, mwaka mmoja kabla hajafika ilikuwa mahali pengine kabisa. Habari za shule ya Chefoo, kule China, zinanikumbusha hilo kila mara. Nayo ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, iliyoanzishwa mwaka 1881. Wajapani waliiteka wakati wa vita, na mwaka 1943 wakawapeleka watoto na walimu wao kwenye kambi ya Weihsien hadi walipokombolewa Agosti 1945. Baadhi ya watoto hawakuwaona wazazi kwa zaidi ya miaka mitano. Walimu waliendelea kuwafundisha, waliwadai adabu mezani mbele ya mabakuli ya bati, waliwasagia maganda ya mayai wale unga wake ili mifupa isidhoofike. Watoto wengi wa kambi hiyo walipozeeka waliwazungumzia walimu wao kwa upendo. Walikuwa wafungwa, wamezungukwa na waya, nao walikuwa na watu wazima waliokuwa macho kwa ajili yao.

Nilimwandikia mdogo wangu maswali matatu ayaulize kwa simu kabla ya kutuma fedha. Je, mtoto ataruhusiwa kumpigia mama yake bila mwalimu kusimama karibu, na mara ngapi? Akilowesha kitanda, kesho yake asubuhi kinafanyika nini, hatua kwa hatua? Na usiku, ndani ya bweni lenyewe, analala mtu mzima gani, na anahudumia watoto wangapi?

Alipiga Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuwa mstaarabu sana. La simu alisema ni kila Jumapili, dakika tano, ofisini kwake. La kitanda alisema watoto wa Darasa la Tano ni wakubwa, hawana tatizo hilo. La tatu alisema atamuuliza mratibu wa mabweni kisha ampigie.

Leo ni Ijumaa. Hajapigiwa. Mama amekwisha kuulizia nauli ya Mbagala.